Anti, kaka yangu wanamwita mkaidi wa dawa kumbe bahasha haisomi

Shikamoo Anti,

Mi ni msomaji wako niko Mwanza, Kirumba, nafanya biashara ya dagaa pale mwaloni, nanunua kwa wavuvi naanika, wakikauka napeleka Geita na saa nyingine Kahama. Naomba jina langu usiweke maana watu wa mwaloni wote tunajuana.

Anti nina kaka yangu, tumbo moja, ana miaka 31. Alianza kuumwa akiwa kijana wa kama miaka 19 hivi, akawa halali, anasikia sauti, anasema kuna watu wanamfuata wanataka kumzamisha ziwani. Nyumbani Magu walizunguka naye kwa waganga muda mrefu mpaka nikaenda kumchukua nikamleta mjini, akalazwa, wakatuambia ni skizofrenia, akaanzishiwa dawa na akatulia kabisa. Toka hapo anakaa kwangu. Akiwa vizuri huwezi kujua kama anaumwa, ananisaidia kuanika dagaa, kugeuza, kufukuza ndege, ni mtu wa kazi na mpole, wanangu wanampenda sana mjomba wao.

Sasa mwaka huu amekuwa anarudia rudia. Anakaa vizuri kidogo halafu usingizi unapotea anaanza kuongea peke yake. Kliniki tukienda wanasema hanywi dawa, yeye anasema nakunywa, wao wanasema kama unakunywa basi dawa haitoshi, wakamuongezea. Safari ya mwisho nesi akasema mbele ya watu wote huyu ni mkaidi na wewe dada mtu humsimamii. Halafu daktari akamuuliza maswali, toa saba kwenye mia, ukipata hapo toa tena saba, leo tarehe ngapi, kaka akainamisha kichwa kimya, nikaona wanaandika tu kwenye faili.

Wiki iliyopita nilikuwa nafunga mzigo wa Geita nikamwambia kaka niletee dawa zako nizione, tusomee hapo juu wameandikaje. Akaleta mfuko mmoja wa plastiki, ndani vidonge vyote vimechanganyika, anasema bahasha zililowa akazitupa. Nikamuuliza unakunywaje sasa. Anti, nilichoka. Kumbe zamani walimwandikia 1x2, yaani kidonge kimoja mara mbili kwa siku, yeye akaelewa ni kidonge kimoja halafu unaruka siku mbili. Namba anazijua kwa sababu ya hela lakini kusoma hajui, aliachishwa shule darasa la pili akapelekwa kuchunga ng'ombe, mi mdogo wake ndo nikasoma mpaka la saba. Nilijua aliacha mapema ila nilidhani anajua kidogo kidogo maana simu yangu anaishika anaangalia muda mrefu tu, kumbe ni picha.

Nikamwambia basi tukawaambie kliniki. Alilia Anti. Akasema usiwaambie, bora waendelee kuniita kichaa hilo nimeshazoea, lakini hili usiwaambie.

Sasa sijui nifanyeje. Nikiwaambia ntakuwa nimemvunjia heshima kaka yangu, nisipowaambia wataendelea kumuongezea dawa. Na mi siwezi kukaa nae kila siku, nikienda Geita nalala huko. Mama anasema tumrudishe kwa mganga maana dawa za hospitali zimeshindwa. Pia nataka kujua mtu mwenye ugonjwa huu anaweza kujifunza kusoma kwa umri huo au ndo basi tena? Na kuna jambo lingine, baba mdogo kaja na karatasi anataka kaka aweke dole gumba, anasema ni mambo ya shamba la marehemu baba, utaratibu tu. Kaka alitaka kuweka ili waondoke.

Nisaidie Anti.
Dada wa Kirumba

MAJIBU

Marahaba mdogo wangu, poleni wewe na kaka yako, na hongera kwa kumwomba alete zile dawa ukaziona kwa macho yako, kwa sababu kitu ulichokigundua ni kikubwa kuliko unavyofikiri na ntaanza na sehemu ya haraka kabla ya mengine yote.

Angalia hivi. Daktari alimuongezea dawa akiamini kaka anakunywa ile ya mwanzo yote na haimtoshi. Kumbe alikuwa anakunywa sehemu ndogo tu ya ile aliyoandikiwa. Sasa ukianza leo kumsimamia kwa nguvu zote, anywe dozi mpya kamili kama ilivyoandikwa, mwili wake unatoka kwenye dawa kidogo sana unarukia kwenye dawa nyingi kwa mara moja, na hizi dawa, kama ni haloperidol ambayo ndo wengi wanapewa, zikizidi zinamkamata mtu vibaya: shingo inapinda, taya linakaza, macho yanapanda juu, au anashindwa kutulia anatembea tu huku na huku mpaka watu mnasema ugonjwa umepanda kumbe ni dawa. Akipata homa kali huku mwili umekakamaa hiyo ni ya kukimbizwa hospitali usiku huo huo, msisubiri asubuhi. Kwa hiyo usimsimamie dozi mpya kabla kliniki hawajajua alikuwa anakunywaje. Usisubiri tarehe ya kwenye kadi, nendeni mapema na mbebe ule mfuko wa plastiki kama ulivyo. Na msipunguze wenyewe, msisimamishe wenyewe, wala asinywe vingi kufidia vile alivyoruka.

Jambo lingine ni kwamba katika ule mfuko inawezekana kabisa kuna dawa mbili tofauti. Wagonjwa wengi wanaopewa haloperidol wanapewa na benzhexol pembeni, kazi yake ni kuzuia huko kukakamaa. Zote mara nyingi ni vidonge vidogo vyeupe, na mtu anayechota tu anaweza kukaa siku kadhaa anakunywa ya pembeni peke yake wakati ile ya ugonjwa hajaigusa. Hapo mtu atarudia ugonjwa kila mwezi na kila mtu ataapa kwamba dawa anakunywa, na kweli anakunywa.

Sasa turudi kwenye hilo la kuwaambia. Mdogo wangu mi naona kuna vitu viwili hapo usivichanganye. Kuna namna alivyokuwa anakunywa dawa, na kuna sababu yake. Ile ya kwanza lazima kliniki waijue, hiyo siyo siri ya kutunza kwa sababu inaweza kumuumiza, na unaweza kuisema bila kutaja shule hata mara moja: "Daktari, bahasha ya 1x2 ilieleweka ni kimoja halafu unaruka siku mbili, na baadaye dawa zilichanganyika." Basi. Daktari yeyote akisikia hivyo anajua afanye nini na ile dozi. Ile ya pili ni ya kaka, ni heshima yake, mwachie yeye. Ila kaa naye jioni moja akiwa ametulia, siyo siku ambayo sauti zimemchachamalia, na umwambie kwa upole kwamba ukisema sababu watabadilisha namna wanavyokuandikia, usiposema wataendelea kukuongezea dawa na kukuita mkaidi. Muulize kabisa, kaka unataka niseme mi au useme mwenyewe, na unataka tusemee chumbani au wapi. Wagonjwa wana haki ya kuomba mlango ufungwe. Akikubali, mambo yanakuwa mepesi sana. Akikataa, ile ya kwanza inasemwa hata hivyo, na yeye ajue utaisema, usiende kwa mgongo wake.

Na kile alichosema, bora niitwe kichaa, mi kimeniuma na nimekifikiria sana. Watu wenye magonjwa makubwa ya akili wanabeba aibu mbili na ya kutojua kusoma wanaificha zaidi, sababu ile ya ugonjwa tayari mtaa mzima unaijua, hii nyingine ndo kitu pekee kilichobaki ambacho watu hawajamchekea. Ndo maana anashika simu, ndo maana mwingine atasema nimesahau miwani, mwingine ataondoka kliniki bila kuuliza swali hata moja kwa sababu akiuliza atapewa karatasi. Na hili siyo la Mwanza peke yake, hata Marekani wataalamu walishakuta kwamba wagonjwa wengi wa kliniki za akili wanasoma kwa kiwango cha chini kuliko vile vipeperushi na fomu wanazopewa zilivyoandikwa, na mara nyingi wahudumu hawajui kwa sababu hakuna aliyewahi kuwauliza.

Ugonjwa wenyewe unachangia pia. Skizofrenia kwa wanaume inaanza mara nyingi mwisho wa ujana au miaka ya ishirini mwanzoni, umri ambao mtu yuko shule au ndo anajifunza kazi, na hata aliyesoma vizuri anaweza kukuta umakini umepungua, anasoma mstari mara tatu haushiki, na benzhexol inaweza kufanya macho yaone ukungu karibu. Kwa kaka yako shule ilikatika zamani kabla ya ugonjwa, lakini macho yake yaangaliwe vile vile maana mkija kwenye kujifunza itawasumbua.

Hapo kwenye maswali ya kutoa saba kwenye mia napasemea kwa ukali kidogo. Lile swali ni la siku nyingi, linatumika dunia nzima kupima umakini wa mgonjwa, na kuna kipimo maarufu cha mwaka 1975 ambacho ndani yake mgonjwa anapewa kusoma maneno na kuandika sentensi. Mtu aliyetoka darasa la pili akikaa kimya pale haimaanishi akili imeshuka, inamaanisha hesabu hiyo hakuwahi kufundishwa, na anaona aibu mbele ya dada yake. Kama daktari hajui kiwango chake cha shule anaweza kuandika kwenye faili kwamba mgonjwa anazidi kuzorota. Muombeni, kwa adabu tu, ampime kwa vitu anavyovijua. Kaka yako mpe hesabu ya ndoo za dagaa na bei na chenji uone kama hatakupa jibu. Mi nakuhakikishia kuna watu wamebandikwa ukali wa ugonjwa usio wao kwa sababu ya daftari ambalo hawakulipata utotoni, na hilo halivumiliki.

Haya, dawa nyumbani. Nia ni kwamba kaka anywe sawasawa hata wewe ukiwa Geita, kwa hiyo ondoeni kusoma kabisa kwenye dawa. Siku mkipewa dawa, hapo hapo dirishani mwombe mfamasia achore: jua linachomoza kwa asubuhi, mwezi kwa usiku, na pembeni vidonge vichorwe kwa idadi yake, viwili ni duara mbili. Wanajua kufanya hivyo, wengi hawakatai ukiomba. Halafu usiondoke mpaka kaka amerudia mwenyewe kwa mdomo, amwonyeshe mfamasia hiki nakunywa lini na hiki lini, siyo aulizwe umeelewa akajibu ndio, sisi sote tunajibu ndio. Akirudia akakosea ndo mnajua maelezo yalikuwa mabovu, yarudiwe. Nyumbani kila dawa ikae kwenye kopo lake lenye mfuniko wa rangi tofauti, mbali na maji na mbali na watoto, siyo bahasha za karatasi, mwaloni pale karatasi haifiki wiki. Na unganisha dawa na kitu anachokifanya kila siku bila kukosa, uji wa asubuhi kabla ya kwenda kwenye vichanja, chakula cha usiku. Ukiwa safarini mpigie saa hiyo hiyo, au mwanao mkubwa awe anakaa na mjomba anapokunywa, kwa heshima, siyo kumlinda kama mfungwa.

Mama yenu kama Kiswahili cha hospitali kinampita, mwombe nesi anayejua Kisukuma arekodi maelezo kwenye simu yako kwa sauti, dakika moja tu, mama asikilize na kaka asikilize tena na tena wakati wowote. Sauti haihitaji shule.

Kuhusu tarehe ya kurudi kliniki, hiyo ndo wengi inawapiga chenga, kadi inasema tarehe fulani na kalenda ukutani haisomeki. Lakini kaka yako ni mtu wa mwaloni. Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza, mbalamwezi ikija mitumbwi inapumzika, na hakuna mtu pale asiyejua mwezi uko wapi hata kama hajui leo ni tarehe ngapi. Mwambieni daktari hivyo, muulize kama kurudi kwake kunaweza kuangukia mbalamwezi kila mara. Wiki nne na mwezi wa angani vinapishana kwa siku moja au mbili tu, na kipindi hicho hata wewe kazi imepungua unaweza kumsindikiza. Muulize pia kuhusu sindano ya muda mrefu, ipo dawa inachomwa kwenye nyama inakaa mwilini wiki kadhaa, kuna watu imewaondolea kabisa mambo ya vidonge vya kila siku. Haimfai kila mtu na daktari ndo ataamua, lakini kwa mtu kama kaka yako inafaa iulizwe. Na kama nauli na gharama zinawabana mpite ofisi ya ustawi wa jamii hapo hospitali muulize utaratibu wa msamaha wa matibabu, wapo kwa ajili hiyo.

Mama mwambie dawa za hospitali hazijashindwa, mwanzo zilimtuliza kabisa, ila sasa hazijanyweka sawasawa. Akitaka kumwombea na kumfanyia mambo ya nyumbani msigombane nae, ila dawa isikatwe hata siku moja na kaka asipewe cha kunywa kingine bila kliniki kujua.

Swali lako la kusoma limenifurahisha. Anaweza. Ugonjwa huu haufungi mtu kujifunza, unamchosha na unamfanya apoteze umakini haraka, kwa hiyo kwanza atulie, dawa zikae sawa, halafu mwanze kidogo kidogo, robo saa inatosha, wakati ule ambao dawa haimlazi, na kama kichwa kimejaa siku hiyo mnaacha bila lawama. Aanze na vitu anavyovitaka yeye. Jina lake kwenye kadi ya kliniki. Majina ya mitumbwi, yameandikwa makubwa kwa rangi na anayapita kila siku. Ujumbe wa hela ikiingia kwenye simu. Halafu akiwa tayari nendeni kwa afisa elimu kata mkaulize madarasa ya MUKEJA, yaani ya mpango wa elimu ya watu wazima, huwa yanaendeshwa kwenye shule za msingi.

Na ukanda wetu huu una historia yake kwenye hilo, wazee watakwambia. Kati ya 1968 na 1972 serikali na UNESCO waliweka hapa Mwanza mradi wa majaribio wa kisomo kwa mikoa ya kando ya ziwa, watu wazima wakawa wanasoma kupitia kazi zao wenyewe, pamba, uvuvi, ufugaji, na mwaka 1970 Mwalimu Nyerere akautangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Wakati huo karibu watu wazima wawili kati ya watatu nchini walikuwa hawajui kusoma. Walijifunza watu wenye ndevu nyeupe na akina mama wenye watoto mgongoni, kaka yako ana miaka 31.

Ila mtu asimlazimishe, na asiambiwe kwamba ni lazima asome ndo apone. Matibabu yake yanatakiwa yamfikie hivyo hivyo alivyo leo.

Sasa karatasi ya baba mdogo. Asiweke dole gumba. Wala wewe usisaini kwa niaba yake. Kama kweli ni utaratibu tu basi hautapotea kwa kusubiri wiki mbili. Mtu anayeumwa akili halafu hasomi ndo anayeletewa karatasi namna hii, na wewe mwenyewe umeandika kaka alitaka kuweka ili waondoke, yaani siyo kwamba alikubali, alichoka. Piga picha hiyo karatasi kama bado ipo, uisome yote mpaka mwisho, uangalie kama kuna maneno ya kuuza, kugawa au kukana urithi. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, asiye na uwezo anasaidiwa bure na kuna wasaidizi wa kisheria kwenye jamii, ofisi ya kata au ustawi wa jamii watakuelekeza walipo. Baba mdogo ni mzazi, mjibu kwa heshima tu: baba, karatasi tuilete kwa mwenyekiti wa mtaa, isomwe yote kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma, mbele ya kaka akiwa ametulia na mbele ya mama, kaka aulize anachotaka, akiielewa na kuikubali ataweka dole mchana kweupe. Akigoma kuileta hapo, utakuwa umeshajua ilikuwa inahusu nini.